Anzia pale watu wanaposhuka kwenye baiskeli

Jiji nililosaidia kulipangia mtandao wa njia za baiskeli lilikuwa na njia za baiskeli tayari. Tatizo ni kwamba zilikuwa vipande. Kila barabara ilipojengwa upya, mkandarasi aliongeza kipande pembeni, na kipande hicho kilikoma pale mkataba wake ulipokoma: mbele ya makutano, kwenye mdomo wa daraja, au katikati ya mtaa ambapo rangi ya njia inaisha na magari yaliyoegeshwa yanaanza. Kwenye ramani ya ofisini vipande hivyo vilichorwa kwa kijani, na ukijumlisha urefu wake ulipata idadi ya kilomita inayopendeza katika ripoti. Ila hakuna aliyeweza kutoka nyumbani kwake hadi kazini kwa kuvifuata tu.

Tulitakiwa kuongeza kilomita. Nilipinga lengo hilo tangu mapema, na kadiri kazi ilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuona sababu. Mtandao wa baiskeli unaweza kuongezwa kilomita nyingi na usimsaidie mtu hata mmoja mpya, kwa sababu mtu haendeshi kilomita, anaendesha safari nzima. Safari ya kilomita 5, ambayo kwa baiskeli ni kama dakika 20 kwa mwendo wa kawaida, ikiwa na mita 50 za kutisha katikati, basi ni safari ya kutisha.

Tulianza kwa kuwaomba watu waliokuwa wakiendesha baiskeli kila siku watuchukue katika safari zao, sisi tukawafuata nyuma. Tulibeba karatasi ndefu za kujaza: upana wa njia, hali ya lami, taa, kivuli, kila kitu. Karatasi hizo hazikudumu. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto kwenye kiti cha nyuma aliendesha vizuri, ametulia, mpaka alipofika kwenye kipilefti chenye njia mbili mbili za magari. Hapo alifunga breki, akashuka, akaisukuma baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu, akangoja, akavuka mdomo wa kwanza, akangoja tena, akavuka wa pili, kisha akapanda upya ng'ambo. Nilipomuuliza kulikoni, alinishangaa kidogo. "Hapa huwa nashuka," alisema.

Kuanzia siku hiyo tuliweka pembeni yale mengine na kuandika jambo moja: mtu ameshuka wapi. Kila aliposhuka tulitia doa jekundu kwenye ramani. Wengine hawakushuka, walipanda juu ya njia ya miguu au walipita kinyume cha magari kwa hatua chache ili wakwepe kona fulani. Hao nao tuliwatilia doa, maana ni kitu kilekile. Watu waliotuongoza walitofautiana kwa umri, kwa nguvu na kwa aina ya baiskeli, lakini madoa yalilundikana mahali palepale. Tulipozungumza na watu walioacha kabisa kuendesha, wengi walitaja mahali badala ya sababu. Hawakusema baiskeli inachosha wala jua ni kali. Walisema "pale darajani" au "pale kwenye taa za kuelekea stesheni". Na mahali walipopataja palikuwa na doa jekundu tayari.

Nilikuja kuona kwamba wenzetu kwingine walikuwa wamelifikia wazo hili kwa njia ya hesabu. Mwaka 2012 watafiti Mekuria, Furth na Nixon walichapisha uchunguzi wa mji wa San José, California, ambamo waligawa kila barabara katika ngazi 4 za msongo, yaani hofu anayoipata mwendesha baiskeli akiwa katikati ya magari. Ngazi ya 1 inamfaa hata mtoto, ngazi ya 2 inavumilika kwa watu wazima wengi, na ngazi ya 4 ni ya wachache wasioogopa kitu. Kanuni yao kuu ni kwamba njia nzima hupewa ngazi ya kipande chake kibaya zaidi. Walipoondoa barabara za msongo mkubwa kwenye ramani, mji uligeuka visiwa: mitaa mingi tulivu, kila mmoja umezungukwa na barabara isiyovukika. Waliweka pia kikomo cha mzunguko, kwamba njia tulivu isizidi njia fupi kwa zaidi ya asilimia 25 hivi, kwa kuwa mtu akizungushwa mno ataiacha. Ramani yetu ya madoa mekundu, ingawa ilichorwa kwa kalamu, ilitoa picha ileile ya visiwa.

Kuna swali lililokuwa likirudi kila kikao: tunampangia nani? Wahandisi wa barabara, ambao wengi wao ni watu makini, walikuwa na mtu mmoja kichwani. Kijana mwenye nguvu, anayekwenda kasi, anayejua kujichanganya na magari. Mtu huyo yupo, na hahitaji sana msaada wetu. Roger Geller, aliyekuwa mratibu wa masuala ya baiskeli katika jiji la Portland, Marekani, aliwahi kukadiria mwaka 2006 kwamba wakazi walio tayari kuendesha popote bila hofu hawafiki hata asilimia 1, kwamba thuluthi moja hivi hawataendesha kwa hali yoyote, na kwamba kundi kubwa kuliko yote, karibu asilimia 60, ni la watu wanaotamani kuendesha ila wanaogopa. Takwimu zile ni za mji mmoja na sizichukui kama kipimo cha dunia nzima. Lakini zilitusaidia kubadilisha mazungumzo. Tulikubaliana mwisho wa yote kwamba mtu wa kupangiwa ni yule mama mwenye mtoto nyuma. Ikimfaa yeye, kijana wa kasi naye atapita.

Kukubaliana juu ya mtu kulitatua mabishano mengine bila kelele. Je, rangi tu juu ya lami inatosha kwenye barabara ambayo magari yanakwenda kilomita 60 kwa saa? Muulize yule mama. Je, njia ya baiskeli ikae kati ya magari yaliyoegeshwa na magari yanayokwenda? Mlango wa gari ukifunguka unachukua takriban mita 1 ya njia yake, na hana pa kukwepea ila mbele ya lori. Je, upana wa mita 1 na nusu unatosha? Usukani peke yake ni kama sentimita 60 hadi 70, mtu anapoanza au kupanda kilima huyumba, na akitaka kumpita mwenzake njia ile haimtoshi. Mita 2 kwa upande mmoja ndipo watu wanapoanza kupishana bila kugusana.

Baada ya madoa tulichora vizuizi. Kila jiji lina mto, reli, barabara ya mwendo kasi, au kiwanja kikubwa kilichozungushiwa uzio. Nilizoea kuwaambia vijana wa ofisini waione ramani kama nyumba: vyumba ni mitaa tulivu, kuta ni hivyo vizuizi, nasi tuhesabu milango. Kwetu reli ilikata jiji katikati, na kwa kilomita kadhaa palikuwa na milango mitatu tu. Mmoja ni daraja la juu lenye mwinuko mkali na magari ya kasi. Wa pili ni kivuko cha chini cha waenda kwa miguu chenye ngazi. Wa tatu uko mbali kiasi kwamba anayeutumia anazunguka zaidi ya nusu ya safari yake. Upande wa kusini wa reli kulikuwa na shule na hospitali. Upande wa kaskazini kulikuwa na makazi ya watu wengi. Ungeweza kujenga kilomita 30 za njia nzuri kila upande na ukuta ukabaki ukuta.

Hapa ndipo nilipojifunza kuheshimu kazi ndogo zenye gharama kubwa. Kuligeuza lile pito la ngazi liwe na njia ya mteremko wa polepole, usiozidi asilimia 5 ili mtu aweze kupanda akiwa juu ya baiskeli, kunaongeza mita mia chache tu kwenye jumla ya kilomita. Katika ripoti ya mwaka halionekani. Katika maisha ya watu linaunganisha nusu mbili za jiji. Ukipima kazi yako kwa kilomita, hutaligusa kamwe.

Baada ya hapo ndipo tulichora mistari, na mistari nayo ina somo lake. Waholanzi walilipata zamani. Katika miaka ya 1970 serikali yao iligharimia njia za mfano katika The Hague na Tilburg: njia moja ndefu, pana, nzuri sana, inayokata mji. Waendesha baiskeli waliipenda na wakaijaza, ila wengi wao walikuwa wamehama kutoka mitaa ya jirani. Watu wapya hawakuwa wengi kama ilivyotarajiwa. Katika miaka ya 1980 mji wa Delft ulijaribu jambo tofauti. Badala ya njia moja ya fahari, waliunganisha mtandao wa mji mzima wenye ngazi 3. Njia kuu za mji zilikuwa mita 400 hadi 600 kutoka moja hadi nyingine, njia za maeneo mita 200 hadi 300, na njia za mitaani mita 100 hadi 150. Sehemu kubwa ya kazi haikuwa ujenzi mpya. Ilikuwa kuziba mapengo: daraja dogo hapa, ruhusa ya baiskeli kupita kinyume kwenye mtaa wa uelekeo mmoja pale, kivuko kule. Uendeshaji uliongezeka.

Mtaa wa uelekeo mmoja unaoruhusu baiskeli pande zote mbili ndio kitu rahisi kuliko vyote nilivyowahi kupendekeza. Ni kibao na rangi kidogo. Unaweza kufupisha safari kwa mita mia tatu, na kumwondoa mtu kwenye barabara kuu kabisa. Na bado ndilo pendekezo lililopingwa kwa nguvu zaidi, kwa hoja kwamba ni hatari, wakati mtaa wenyewe ulikuwa na magari machache yanayotambaa.

Tuliligombania kwa muda mrefu suala la barabara kuu dhidi ya mitaa ya nyuma. Upande mmoja ulisema: wapitishe waendesha baiskeli mitaa ya nyuma, kumetulia, na barabara kuu iachiwe magari. Upande mwingine ulisema: maduka, ofisi, vituo na zahanati vipo kwenye barabara kuu, na mtu hapandi baiskeli ili apite karibu na anakokwenda. Nilisimama upande wa pili, na nasimama huko hadi leo. Mitaa ya nyuma ina kona nyingi, haina taa usiku, na karibu kila mmoja unaishia kwenye barabara kuu ambayo lazima uivuke. Lakini sikubaliani na wale wanaoidharau. Mtaa wa nyuma unafaa sana ikiwa umepunguziwa magari kwa makusudi, sio kwa kubandika kibao cha baiskeli tu.

Mfano ninaoutoa kila mara ni Groningen, Uholanzi. Mnamo Septemba 1977 mji ule uligawa katikati yake katika sehemu 4, na magari yakazuiwa kupita moja kwa moja kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Mwenye gari anatoka hadi barabara ya mzunguko, anazunguka, anaingia upya. Mwenye baiskeli ananyoosha. Hakuna nyumba iliyokosa njia ya gari, ila safari fupi ya gari ikawa ndefu na ya baiskeli ikabaki fupi. Ghent, Ubelgiji, walifuata wazo la namna hiyo mwaka 2017. Vyungu vya maua na nguzo chache vilifanya kazi ambayo kilomita nyingi za zege zisingeifanya. Sisi tulipata kibali cha kujaribu eneo moja tu, na kwangu ndilo eneo la ramani ninalojivunia zaidi, ingawa ukiliangalia juu ya karatasi hakuna mstari wowote wa njia ya baiskeli.

Nirudi kwenye makutano, maana theluthi mbili ya madoa yetu mekundu yalikuwa hapo na karibu hakuna mkandarasi aliyetaka kuyagusa. Njia ya baiskeli pembeni ya barabara iliyonyooka ni kazi ya mtoto. Kwenye makutano kila mtu anataka nafasi ileile kwa wakati uleule. Ajali mbaya hutokea gari linapokata kona kuelekea upande wa ukingo na kumkata mwendesha baiskeli anayenyoosha, hasa lori, ambalo dereva wake haoni kilicho ubavuni.

Dawa ya Waholanzi ni jiometri. Njia ya baiskeli husogezwa nyuma kutoka kona, kiasi cha mita 5 hivi, sawa na urefu wa gari dogo. Kwenye kona huwekwa kisiwa kidogo cha zege kinachomlazimu dereva akate kona taratibu. Dereva anapofika mahali pa kuvukana na baiskeli anakuwa ameshageuka, kwa hiyo mwendesha baiskeli yuko mbele ya kioo chake badala ya kuwa ubavuni, na gari lina nafasi ya kusimama bila kuziba barabara iliyo nyuma yake. Nilisimama na dereva wa lori kwenye kona tuliyoijaribu kwa koni na mifuko ya mchanga kabla ya zege kumwagwa. Alipita mara ya kwanza, akasimama, akarudi nyuma akapita tena. Akaniambia kwamba sasa anamuona mtu mzima mzima, sio kofia tu kwenye kioo cha pembeni. Maneno yale niliyapeleka kwenye kikao kabla ya mchoro wowote, na kisiwa kikapita.

Koni na mifuko ya mchanga ziliokoa mambo mengi. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Bogotá na Paris zilifungua njia za muda kwa vifaa vya namna hiyo, na baadhi ya njia zile zimekuwa za kudumu. Faida yake ni kwamba mabishano yanahamia kwenye kitu kinachoonekana. Mwenye duka aliyekuwa akisema wateja watakimbia anakiona kilichopo mlangoni pake. Mhandisi naye anaona pale mchoro wake ulipokuwa finyu, na anausogeza kwa mikono.

Kuna mambo madogo ambayo ramani haiyaoni na mwili unayaona. Mfuniko wa mtaro wenye mapengo yanayoelekea mbele hunasa tairi nyembamba. Ukingo ulioachwa na kimo cha sentimita 3 tu pale njia inapoteremka kwenye kivuko unatosha kumwangusha mtu anayeukabili kwa mshazari kwenye mvua. Nguzo iliyowekwa katikati ya njia ili magari yasiingie inamgonga anayeendesha usiku akiwa nyuma ya mwenzake. Kitufe cha taa kilichowekwa mbali kinamlazimu mtu ashuke ili akibonyeze, na kwetu kushuka ni doa jekundu.

Upangaji wa hatua za ujenzi ulikuwa mgumu kuliko uchoraji. Fedha hutolewa kwa mwaka, na kishawishi ni kumpa kila diwani kipande chake, ili kila upande wa jiji uwe na kitu cha kuzindua. Huko ndiko vipande vya mwanzo vilikotoka. Tuliwaonyesha Seville, Hispania. Kuanzia mwaka 2006 jiji lile lilijenga takriban kilomita 80 za njia zilizotengwa na magari, zilizounganika, kwa muda mfupi, na kwa sehemu kubwa ziliwekwa kwenye nafasi za maegesho, maelfu kwa maelfu. Safari za baiskeli zilipanda kutoka chini ya asilimia 1 hadi karibu asilimia 6 ya safari zote katika miaka michache. Njia zao nyingi ni finyu na zina baiskeli za pande zote mbili zinazokutana uso kwa uso. Wataalamu wangezikosoa, na wamezikosoa. Lakini zilikuwa zimeungana siku zilipofunguliwa. Ningechagua njia ya kawaida iliyokamilika kuliko njia bora iliyokatika, bila kusita.

Hatukupata fedha za kujenga yote kwa mpigo kama wao. Tulichofanya ni kuchagua robo moja ya jiji na kuikamilisha: makutano yake yote, mitaa yake ya nyuma, mlango wake mmoja wa reli. Madiwani wa robo nyingine walikasirika, na nawaelewa. Baadhi yao niliwapeleka wenyewe kwa baiskeli, tukapita ndani ya robo ile kisha tukatoka nje ya mpaka wake. Diwani mmoja, mzee wa makamo ambaye hakuwa amepanda baiskeli tangu ujana, alipita kwa raha mpaka pale njia ilipokomea. Akashuka. Wiki iliyofuata ndiye aliyesimama kikaoni kudai kipande kinachofuata kianzie palepale, badala ya kuanzia mbele ya ofisi ya mwenzake.

Pito la reli lenye ngazi bado halijageuzwa. Michoro iko tayari, mteremko umepimwa, na kampuni ya reli imekubali urefu wa dari. Kila bajeti linashindanishwa na njia ndefu ya kando ya mto, ambayo ni rahisi kujenga, inapendeza kwenye picha, na haina hata doa jekundu moja kwa urefu wake wote. Naipenda njia ile ya mto na ningependa ijengwe. Lakini katika orodha niliyoiwasilisha mwaka huu imeandikwa ya pili, pito la reli ni la kwanza, na nimeambatisha hesabu ya watu wanaobeba baiskeli zao begani kupanda zile ngazi asubuhi moja ya kawaida, waliohesabiwa na wanafunzi wa shule iliyo upande wa kusini.